Morogoro yakesha na matapeli wa simu, mlango wa kompyuta ukiwa wazi

KILA mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, vijana waliohitimu kidato cha sita katika kata za milima ya Uluguru huteremka kwenda mjini Morogoro. Wapo wanaotoka Mgeta, Bunduki na Nyandira, upande wa Wilaya ya Mvomero, na wapo wanaotoka Kinole na Matombo, upande wa Morogoro Vijijini. Mkononi huwa na bahasha yenye cheti cha kuzaliwa, namba ya mtihani na picha ndogo za pasipoti.

Waendako si ofisi ya Serikali. Ni steshenari: chumba chenye kompyuta mbili au tatu, printa, mashine ya kutoa nakala na kijana mmoja mwenye vidole vyepesi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) nao hufanyika mtandaoni, na vyuo vikuu vimefuata njia hiyo hiyo kwa maombi ya udahili.

Fomu za aina hiyo kwa kawaida hudai anwani ya barua pepe. Kijana asiyekuwa nayo hufunguliwa palepale na mhudumu. Mhudumu ndiye hubuni nywila, mara nyingi jina la mteja likifuatwa na mwaka wa kuzaliwa, kisha kompyuta huuliza kama ihifadhi nywila hiyo. Jibu huwa ni ndiyo, kwa sababu mteja atarudi baada ya wiki mbili na hatakuwa anaikumbuka.

Msimu unapokwisha, kompyuta hiyo moja inakuwa imebeba funguo za vijana wengi. Anayeingia katika sanduku la barua la mmoja wao anaweza kuomba nywila mpya ya kila akaunti iliyofunguliwa kwa anwani hiyo: ya mkopo, ya chuo, na baadaye ya maombi ya kazi. Anaweza pia kuchukua nakala za vyeti na vitambulisho zilizotumwa humo na kuzitumia kwa jina la mwenyewe.

Ukizungumzia usalama wa mtandao mjini Morogoro, mazungumzo hayafiki huko. Huanzia na kuishia kwenye ujumbe mfupi usemao "ile hela tuma kwenye namba hii". Sababu ipo. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za mwaka 2024 ziliitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa ndiyo inayoongoza nchini kwa majaribio ya ulaghai kwa njia ya simu. Kwa Morogoro, jina lililosikika zaidi ni Ifakara, mji ulioko mbali na milima ya Uluguru, katika bonde la Kilombero.

Serikali imepambana na wimbi hilo kwa nguvu inayoonekana. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa utaratibu huo zilianza kufungwa. Mwananchi anaweza kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa jina lake, na anaweza kupeleka ujumbe wa tapeli kwenye namba 15040. Hayo yote ni mema, lakini yanamlenga tapeli anayehitaji kumdanganya mtu ili afanye jambo fulani. Wapo wavamizi wasiohitaji kumdanganya mtu yeyote. Wanaidanganya programu.

Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti ambayo wengi huiita brauza, ni miongoni mwa programu kubwa kuliko zote zilizomo ndani ya kompyuta ya kawaida. Kazi yake ni kupokea vitu kutoka kwa watu isiowajua, kama maandishi, picha, video, herufi na vipande vya programu ndogo, kisha kuvifasiri na kuvionyesha kwa haraka. Programu ya barua pepe hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Zote mbili hufanana na bawabu aliyeagizwa amfungulie kila abishaye hodi, kisha ajue mwenyewe ni nani mwizi.

Makosa hutokea. Mwaka 2020 kampuni ya Google ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya kasoro kubwa za kiusalama katika kivinjari chake cha Chrome zilitokana na namna programu inavyotumia kumbukumbu ya kompyuta. Aina moja ya kosa hilo inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupanga chumba. Mpangaji amehama, chumba amepewa mtu mwingine, lakini kitasa hakikubadilishwa na ufunguo wa zamani bado unafungua. Mdukuzi hutafuta ufunguo wa namna hiyo ndani ya kivinjari. Akiupata, ukurasa wa tovuti aliouandaa yeye huweza kuiamuru kompyuta ya anayeusoma ifanye kile anachotaka.

Historia ya matundu hayo ni ndefu, na inaonyesha jinsi mchango wa mtumiaji katika kosa ulivyopungua mwaka hadi mwaka.

Mei 4, 2000 dunia iliamka na barua pepe yenye kichwa cha habari ILOVEYOU. Ilikuwa na kiambatisho kilichofanana na barua ya mapenzi, kwa kuwa Windows ilikuwa ikificha herufi za mwisho za jina la faili, zile ambazo zingemwonyesha msomaji kwamba lile halikuwa faili la maandishi bali programu. Aliyekifungua alikuwa ameiruhusu programu hiyo kuharibu mafaili yake na kujituma yenyewe kwa kila jina lililokuwamo katika kitabu cha anwani cha Outlook. Mtuhumiwa, kijana wa Ufilipino, hakuweza kushitakiwa kwa sababu nchi yake haikuwa na sheria ya makosa ya aina hiyo. Sheria ilipopitishwa Juni mwaka huo huo, haikuweza kurudi nyuma kumkamata.

Wakati ule mtu alilazimika kubonyeza. Miaka kumi baadaye ilitosha kutembelea tovuti. Januari 2010 Google ilitangaza kwamba mifumo yake na ya kampuni nyingine kadhaa ilikuwa imevamiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wavamizi walipitia tundu lililokuwa katika kivinjari cha Internet Explorer, ambalo mtengenezaji wake, Microsoft, hakuwa ameliziba. Mamlaka za usalama wa kompyuta za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri wananchi wao kuacha kukitumia kivinjari hicho kwa muda. Kiraka kilitolewa Januari 21, siku tisa baada ya tangazo la Google.

Mwaka 2023 hata kutembelea tovuti halikuwa sharti tena. Machi 14 mwaka huo Microsoft ilitoa kiraka cha tundu katika programu ya Outlook lililokuwa limeripotiwa na kikosi cha Ukraine cha kushughulikia matukio ya kimtandao. Mvamizi alituma mwaliko wa kikao wenye kikumbusho cha sauti, na sauti hiyo ikaelekezwa kwenye seva yake. Muda wa kikumbusho ulipowadia, Outlook yenyewe iliifuata sauti, na wakati huo huo ikapeleka utambulisho wa mwenye kompyuta. Mwenyewe huenda alikuwa amekwenda kunywa chai. Microsoft ilisema tundu hilo lilikuwa limetumiwa na kundi lililoko Urusi dhidi ya idadi ndogo ya taasisi za serikali, usafirishaji, nishati na jeshi barani Ulaya.

Septemba mwaka huo huo ikazuka kasoro ambayo inastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, maana ilionyesha jinsi kivinjari na barua pepe zinavyokaa juu ya msingi mmoja. Kasoro hiyo ilikuwa katika kipande cha programu kinachofungua picha za aina ya WebP. Picha iliyotengenezwa kwa hila ilitosha kufungua njia ya uvamizi. Google ilitoa kiraka cha Chrome Septemba 11. Kesho yake, Mozilla ilitoa viraka vya kivinjari cha Firefox na vya Thunderbird, programu yake ya barua pepe. Kipande kile kile kilikuwa kimetumika pia katika programu nyingine nyingi, na watengenezaji wake waliendelea kutoa viraka kwa wiki kadhaa.

Mtu wa Msamvu au Kihonda anaweza kuuliza yanamhusu nini mambo ya Ukraine na Google, na ni swali la haki. Nani atajisumbua kuivamia steshenari ya Morogoro?

Jibu limo katika namna kiraka kinavyofanya kazi. Siku tundu linapogunduliwa na mtu mmoja, ni silaha ya bei kubwa, na huelekezwa kwa wakubwa. Siku kiraka kinapotolewa, siri imekwisha. Mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kulinganisha toleo la zamani na toleo jipya, akaona ni mstari upi umebadilishwa, na hivyo akajua tundu lilikuwa wapi. Waliopokea kiraka wako salama. Wasiopokea wamebaki na tundu ambalo ramani yake imekwisha kusambazwa. Kuanzia hapo programu za uvamizi hazichagui jina wala mji; hukusanya kila kompyuta iliyochelewa. Virusi vya ILOVEYOU navyo havikumchagua mtu.

Na waliochelewa, kwa sehemu kubwa, ni maskini. Hapa ndipo maelezo ya kawaida kuhusu usalama wa kompyuta, yanayomlaumu mtumiaji kwa uzembe, yanapopungukiwa.

Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu ulioanza mwaka 2003. Mzigo wa mwezi mmoja wa Windows unaweza kufikia mamia ya megabaiti, na wakati mwingine huvuka gigabaiti moja. Katika ofisi yenye mkongo hilo si tatizo. Katika steshenari inayopata mtandao kwa simu ya mhudumu, hilo ni bando la siku nzima au zaidi, nalo linateketea bila kuchapa hata ukurasa mmoja wa mteja. Kwa hiyo mhudumu huiambia Windows kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo, nayo husitisha kupakua sehemu kubwa ya viraka. Wengine huzima kabisa huduma ya maboresho, tena fundi aliyeiuza kompyuta huwa ameizima kabla ya kuikabidhi, akieleza kwamba "inakula bando".

Kompyuta yenyewe mara nyingi ni mtumba kutoka Ulaya au Dubai, na ina historia yake. Windows 7 iliacha kupata viraka vya kawaida Januari 14, 2020. Februari 2023 Chrome nayo ikaacha kutoa matoleo mapya kwa kompyuta za Windows 7. Windows 10 ilifuata Oktoba 14, 2025, ingawa Microsoft ilitoa nafasi kwa watu binafsi kujiandikisha ili waendelee kupata viraka vya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11 ina masharti ya kichakato na kifaa cha usalama ambayo kompyuta nyingi za mitumba hazitimizi. Mashine inawaka, inachapa, inafungua fomu ya mkopo, na mteja hana namna ya kujua kwamba imekwisha kuachwa njiani.

Simu za mkononi, ambazo kwa wengi wa wakazi wa milimani ndiyo kompyuta pekee, hazimo nje ya hesabu hii. Agosti 2025 toleo la 139 la Chrome liliacha simu zinazotumia Android 8 na 9.

Bando limeathiri hata uchaguzi wa kivinjari. Opera Mini ilipendwa Afrika Mashariki kwa sababu hupitisha kurasa katika seva za kampuni yake, zikapunguzwa uzito kabla ya kumfikia msomaji. Katika hali yake ya kubana data kwa kiwango cha juu, usimbaji unaomlinda msomaji huishia katika seva hizo, na si katika tovuti anayoisoma. Kwa kusoma matokeo ya mpira hilo halina ubaya. Kwa nywila ya benki ni jambo la kufikiria. Kivinjari kingine kilichopendwa kwa wepesi, UC Browser, kilichunguzwa na taasisi ya Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, ambayo mwaka 2015 ilieleza kwamba matoleo yake yalikuwa yakipeleka taarifa za watumiaji, yakiwamo maneno waliyoyatafuta, bila ulinzi wa kutosha. Anayebana matumizi hulipa kwa njia nyingine.

Kivinjari kikiwa na tundu, au kompyuta ikiwa imewekewa Windows ya wizi kwa programu ya kuvunja leseni iliyonakiliwa kutoka flashi hadi flashi, kinachofuata katika miaka hii si virusi vya kufuta mafaili kama zamani. Ni programu za kuiba kimya kimya. Huingia, huchukua nywila zote zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari, hunakili mafaili madogo ya utambulisho yaitwayo kuki, hupeleka vyote kwa bwana wao, na mwenye kompyuta haoni badiliko lolote. Moja ya programu hizo, Lumma, ilivunjwa mtandao wake Mei 2025 kwa ushirikiano wa Microsoft na vyombo vya sheria vya nchi kadhaa. Microsoft ilisema kwamba katika miezi miwili tu, kuanzia Machi 16 hadi Mei 16 mwaka huo, ilikuwa imebaini zaidi ya kompyuta 394,000 za Windows zilizoambukizwa duniani.

Kuki zinahitaji maelezo, kwa sababu ndizo zinazowashinda hata waangalifu. Mtu akishaingia katika barua pepe yake, tovuti humwachia kijifaili kinachosema "huyu nimekwisha kumtambua". Aliyekiiba huingia bila kuulizwa nywila, na mara nyingi bila kuulizwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Waliofungua anwani zao za kwanza za Yahoo katika intaneti kafe za miaka ya 2000, wakati nchi ikitegemea setilaiti kabla ya mkongo wa SEACOM kuwasili mwaka 2009, wana sababu ya kukumbuka hilo. Yahoo ilikiri kwamba uvamizi wa Agosti 2013 ulizigusa akaunti zake zote, bilioni tatu, na kwamba katika tukio jingine wavamizi walikuwa wametengeneza kuki za kughushi zilizowawezesha kuingia bila nywila.

Mvamizi aliyeingia katika barua pepe hana haraka. Katika sanduku la mwanafunzi hutafuta vitambulisho. Katika sanduku la mfanyabiashara husubiri ankara. Siku duka la pembejeo linapotarajia kulipa mzigo, hufika barua kutoka anwani ile ile ya siku zote, ikisema akaunti ya benki imebadilika. Ulaghai wa namna hiyo ulikuwa miongoni mwa makosa yaliyolengwa katika Operesheni Serengeti, iliyoendeshwa na Polisi wa Kimataifa (Interpol) pamoja na Afripol kuanzia Septemba 2 hadi Oktoba 31, 2024. Tanzania ilikuwa moja ya nchi 19 zilizoshiriki, na watu 1,006 walikamatwa.

Kwa upande wa sheria, Tanzania haiko mahali ilipokuwa Ufilipino ya mwaka 2000. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, inamwadhibu anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa kwa faini isiyopungua Sh milioni tatu au mara tatu ya faida aliyoipata, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Tatizo ni kwamba mwizi wa kuki anaweza kuwa bara jingine, na aliyeibiwa hajui kwamba ameibiwa. Sheria iliyoandikwa kumkamata mwizi haizibi tundu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakwenda hatua moja zaidi. Inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde na ajisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Steshenari inayoweka nakala za vyeti na nywila za wateja ni vigumu kuiona ikiwa nje ya maana hiyo. Hata hivyo ukiitazama hali halisi, sheria imefikiriwa kwa ajili ya benki, hospitali na kampuni za simu. Kijana wa steshenari anayelipwa kwa siku hajioni kuwa mchakataji wa taarifa za mtu. Anajiona kuwa ni mtu anayesaidia.

Ndani ya Serikali kwenyewe mambo yamefikiriwa vizuri zaidi. Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), iliyopewa hadhi hiyo kwa sheria ya mwaka 2019, inaendesha mfumo wa barua pepe wa Serikali, na watumishi wa umma wamekwisha kuelekezwa kuutumia kwa shughuli za ofisi badala ya anwani za Yahoo na Gmail. Hofu ya kuzitegemea anwani za kawaida ilikuwa na msingi. Aprili 2016 nyaraka za Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya zilianikwa na wadukuzi, na maelezo yaliyotolewa na Serikali ya nchi hiyo yalionyesha kwamba watumishi walinaswa kwa barua pepe ya hadaa. Kwa hiyo mtumishi anayepokea fomu amewekewa uzio, ilhali mwananchi anayeijaza ameachwa na kompyuta ya mtaani.

Kikosi cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya kompyuta, TZ-CERT, kilichoundwa chini ya TCRA kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, hutoa tahadhari kuhusu matundu ya Chrome, Firefox, Outlook na programu nyingine. Ni kazi ya maana. Lakini tahadhari hizo huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, zikiwalenga wasimamizi wa mifumo. Mhudumu wa steshenari hazioni, na akiziona hazimsaidii. Nchi inayojivunia kuipeleka lugha yake Umoja wa Afrika ingeweza kumwandikia mistari mitatu ya Kiswahili: zima na uwashe kivinjari chako leo, kwa sababu hii.

Maana sehemu kubwa ya kinga ni jambo dogo kiasi hicho. Chrome kwa kawaida hupakua kiraka chenyewe, lakini hakianzi kufanya kazi mpaka kivinjari kifungwe na kufunguliwa tena. Kwa kompyuta ambayo haizimwi na yenye kurasa ishirini zilizo wazi, siku hiyo huenda isifike. Kwa muda mrefu alama iliyo pembeni juu imekuwa ikitoa taarifa kwa rangi: kijani kiraka kikiwa kimetoka ndani ya siku mbili, rangi ya machungwa kikifikisha takriban siku nne, nyekundu kikipita wiki. Kivinjari pia kina dirisha la mgeni, ambalo likifungwa halibakizi nywila wala kuki za mteja. Havigharimu bando la ziada. Kwa mashine zisizoweza kupokea Windows mpya, mfumo wa Linux hutolewa bure na huendesha vivinjari vya kisasa katika kompyuta nyingi za zamani, ijapokuwa anayeuweka anahitaji kufundishwa, na printa nyingine huleta ukaidi.

Morogoro haikosi watu wa kufundisha. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kina shahada ya informatiki, na Chuo Kikuu Mzumbe kinafundisha teknolojia ya habari na mawasiliano. Wanafunzi wa vyuo hivyo ni wateja wa steshenari zile zile zinazowahudumia vijana wa Kinole. Kila Agosti viwanja vya Nane Nane vya mji huu hukusanya watu wa Kanda ya Mashariki kuonyeshwa mbegu, matrekta na mifugo. Banda moja la kurekebisha kompyuta za watoa huduma, lenye mtandao wa bure wa kupakulia viraka, halingekuwa jambo geni mahali hapo, wala halingehitaji bajeti ya wizara.

Lipo pia la kufanywa na wanaodai barua pepe. Kijana wa Nyandira hakuomba kuwa na anwani hiyo. Alilazimishwa na fomu. Ana simu, hata kama ni ya kubonyeza na ni ya mama yake, na laini yake imekwisha kusajiliwa kwa alama za vidole. Taasisi inayomhudumia ingeweza kumruhusu kurejesha akaunti kwa laini hiyo na namba ya kitambulisho cha Taifa, na kumtumia taarifa kila nywila inapobadilishwa. Mifumo inayodai barua pepe peke yake imejenga nyumba juu ya kiwanja ambacho mwenye nyumba hana ufunguo wake.

Huduma zitaendelea kuhamia katika kivinjari, na hakuna anayetaka zirudi nyuma. Tangu treni ya mwendokasi ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, tiketi nayo imekuwa ikikatwa mtandaoni, na foleni ya zamani ya dirishani haina wa kuililia. Minara ya mawasiliano iliyo juu ya kilele cha Bondwa huonekana kutoka karibu kila mtaa wa mji. Mtandao umefika, kilichobaki nyuma ni mashine zinazoupokea.

Ukiuliza mashine hizo ziko chini ya nani, jibu ni gumu kupatikana. TCRA inasimamia laini na mitandao. eGA inasimamia mifumo ya Serikali. Tume inasimamia taarifa. Steshenari inapata leseni yake halmashauri, na ofisa biashara wa manispaa anapopita kukagua huangalia leseni na namba ya mlipakodi, akaweka sahihi, akaenda duka linalofuata. Kompyuta haiulizwi kitu.